Vipimo vya Fundi Makame

Mdogo wangu Mwanaidi, Mungu akuhifadhi.

Waambie wanakikundi wasilipasue kuni lile kaushio letu la mwani. La huku Chole limejengwa kwa mchoro uleule wa bure tuliogawiwa vikundi vyote, na mwani wao unakauka, wetu unaoza! Kumbe Fundi Makame wa hapa alilipandisha juu tundu la hewa tangu mwaka jana, asimwandikie mtu.

“Dada Zuhura, vipimo vyote vimo kichwani,” ananiambia.

“Mashaallah, fundi! Basi hicho kichwa nikipakie botini nisafiri nacho?”

Wenzake wakaangua kicheko. Akanuna, kisha akaomba kalamu. Kaujaza mchoro mzima vipimo, na jina lake kubwa kuliko kaushio lenyewe. Ninarudi nao.

Mungu amzidishie wino, nawe akuzidishie afya.

Dada yako, Zuhura