Siku ya Kumzima Bi Mkubwa

Mpemba, Tunduma
22 Januari 2026

Mpendwa mdogo wangu Abdulswamad,

Assalaam alaykum. Kabla ya lolote, u mzima? Kifua chako kimetulia na hiyo baridi ya Chandigarh? Mama ameniamuru niulize kifua kwanza ndipo niulize masomo, na unamjua, ukiliruka agizo lake utalisikia mpaka Idd. Sisi hatujambo. Mvua imetushika tangu Desemba na Vwawa yote ni ukungu, asubuhi unaona kichwa cha jirani kinapita juu ya ua bila mwili. Goti la mama linamsumbua kidogo. Baba ni mzima, nitamfikia.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Mama ndiye aliyetaka, anasema sauti ya simu haishikiki. Danford wa duka la vipuri anaondoka keshokutwa kuja India kwa matibabu ya mguu, ameahidi kuitia posta huko huko akifika. Mwandiko ukikuyumbia usinicheke, meza yangu ya leo si ya kawaida.

Nianze na ndege zako, maana nyumba yetu siku hizi haina habari nyingine. Ule ujumbe wa sauti uliotutumia mwezi wa tisa, ulipokuwa juu ya paa la bweni ukiangalia zile Migi, ndege za vita za jeshi la anga la huko, zikirushwa kwa mara ya mwisho, baba ameusikiliza mpaka mama anajua ni wapi unakohoa. Zaidi ya miaka sitini zimeruka, ulisema. Ukasimulia zilivyopita angani pamoja na zile mpya wanazoziunda wenyewe, kisha zikatua, zikazimwa, na magari ya zimamoto yakazimwagia maji. Ukasema Mwalimu Gurdip, aliyezitengeneza ujana wake wote jeshini, alisimama kando yako asicheke wala asilie, kwa sababu zilimlisha na pia ziliwazika vijana wengi aliowajua. Mwishoni ukasema, dada, wamefanya kama sisi. Baba akatikisa kichwa akasema Wahindi nao wana adabu kwa vyombo vyao.

Desturi yetu unaijua, lakini acha niiandike, maana barua hii inasimama juu yake. Tangu babu alipoleta lori lake la kwanza kutoka Kondoa, gari jipya halitoki getini mpaka la zamani liegeshwe ubavuni mwake, yawashwe yote, yangurume pamoja. Kisha la zamani linazimwa, na mkono unaolizima ndio unaolitoa jipya. Baba alilizima la babu. La baba lilikuwa linakungoja wewe, tangu siku ulipozaliwa ndani yake hapa Mpemba, mama akiwahishwa hospitali, na Bibi Gwantwa akaacha viazi vyake barabarani akapanda juu kukupokea.

Lile lori jipya alilonunua baba liko yadi tangu Novemba, chini ya turubai. Mama amelipa jina la Bi Mdogo. Anasema aliolewa akamkuta Bi Mkubwa, hiyo Skania ya baba, akavumilia kuishi na mke mwenza mmoja, na sasa ameletewa wa pili bila kuulizwa. Mizigo ilikuja tukaikataa. Kila akitoka msikitini baba alipita kulipapasa turubai, akisema Swamadi anamaliza masomo mwezi wa pili, tutamngoja.

Kisha ukaniletea ule ujumbe wa pili, wa kwangu peke yangu. Kwamba Mwalimu Gurdip amekupendekeza ubaki miaka miwili zaidi ujifunze injini za kisasa, na jibu linatakiwa kabla mwezi huu haujaisha. Ukaniomba nimwambie baba taratibu. Sauti yako ilikuwa ya mtu aliyekwisha kata tamaa, na hilo ndilo lililoniuma. Uliomba ruhusa huku umekwisha anza kufunga begi.

Nilizunguka na neno hilo siku kadhaa, kwa sababu nami nilikuwa na la kwangu moyoni. Leseni ya magari makubwa ninayo. Misimu yote hii ya mahindi ni mimi ninayekwenda na Bi Mkubwa kuyachukua kule Ndalambo, na baba yuko kiti cha pembeni, ameshika mpini wa mlango kana kwamba ndio usukani, macho yamemtoka. Hajawahi kufumba jicho kwenye gari analoendesha mtu mwingine, hata babu alipokuwa hai. Nilikuwa nautaka ule usukani, Swamadi, nautaka sana, na sikuwa nimemwambia mtu.

Alasiri moja nilisinzia ofisini, mvua inapiga bati, nikaota foleni ya kuvuka mpaka pale Mpemba. Badala ya malori zilikuwa zimepangana ndege za vita, kuanzia mizani mpaka ukungu unapoanzia. Migi za India zimechakaa rangi, nyuma yake za Kichina walizozichukua Wapakistani, nyuma yake tena za Bangladeshi, ambao ulisema nao wanatafuta mpya. Zote zimezimwa, zinangoja karatasi. Marubani walikuwa wameshuka, wamekaa kwenye matairi, wanakunywa chai ya tangawizi ya akina mama wa pale na kuulizana habari za nyumbani. Hakuna aliyekuwa na haraka. Ukungu ulipita kati ya mabawa, na mama mmoja alikuwa ameanika kanga kwenye pua ya ndege. Niliamka na furaha nisiyojua imetoka wapi.

Nakwambia kweli, napenda unavyosimulia zinavyopita angani, lakini kazi yake siipendi. Hazikuundwa kubeba saruji. Ninaposikia kila nchi ya huko inanunua mpya ili isipitwe na jirani yake, natamani zote zikae kwenye foleni yetu mpaka wenyewe wazoeane.

Basi jioni ya siku ile nilimkuta baba barazani na simu, anausikiliza tena ujumbe wako wa mwezi wa tisa. Nikakaa chini nikamweleza yote, nafasi, miaka miwili, na jibu linalotakiwa. Hakunikatiza. Nilipomaliza, hakuuliza habari zako.

"Hebu rudisha pale anaposema habari za yule rubani," akasema.

Nikarudisha. Ni pale unapopita haraka haraka, unasema mmoja wa waliozirusha Migi siku ile ya mwisho alikuwa mwanamke. Akasema nirudishe tena, nikarudisha. Kumbe miezi yote hiyo, sisi tukidhani anasikiliza ngurumo, yeye alikuwa anapasikiliza hapo.

"Nimekaa namngoja aliyezaliwa ndani ya lori," akasema. "Anayeliendesha nipo naye hapa hapa."

Kisha akaniuliza kama betri ya Bi Mkubwa ina chaji.

Haikuwa nayo. Juzi Jumanne fundi wetu Lusajo alileta betri ya kuazima, akamsogeza Bi Mkubwa ubavuni mwa mwenzake, yakawashwa yote mawili. Bi Mkubwa alitoa moshi ukafunika yadi nzima. Mama akakohoa, akasema huo ni wivu. Baba alisoma dua, kisha akanigusa bega nipande. Unakikumbuka kile kifundo cha kuvuta cha kuzimia injini, alichokifunga baba kwa kamba ya katani tangu kilipovunjika? Nilikishika nikalia, wala sikuficha. Nikavuta. Alitetemeka, akagoma kidogo, akanyamaza. Sikuwahi kukaa ndani yake nikasikia mvua namna ile. Nilikumbuka sisi wawili tulivyokuwa tunalala nyuma ya viti, wewe miguu yako usoni kwangu, na baba anaimba kasida zake ili asisinzie.

Niliposhuka, Lusajo alikuwa ameshika ndoo. Akammwagia Bi Mkubwa maji kichwani, katika mvua ile ile.

"Za India si walizimwagia?" akasema. "Na huyu bibi ndaga, amefanya kazi."

Unajua Wandali wa Ileje, ndaga yao ni shukrani, na nadhani aliitoa kwa niaba yetu sote. Baba amesema Bi Mkubwa haendi kwenye chuma chakavu. Atakaa pale kwenye mparachichi mpaka urudi umguse kwa mkono wako.

Kwa hiyo mwambie Mwalimu Gurdip ndiyo. Mwambie leo. Desturi haikuvunjwa na hakuna uliyemwangusha, mkono wa kumzima Bi Mkubwa ulipatikana. Soma hizo injini, na ukipata nafasi ya kuchagua, chagua za ndege zinazobeba watu wakienda kusalimiana.

Jana nilikwenda kupakia saruji peke yangu, na leo baba amesema atanisindikiza mpaka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ndiyo, karatasi hii nimeiweka juu ya usukani wa Bi Mdogo, tupo kwenye foleni. Dereva wa Zambia aliye mbele yetu alipita dirishani akaniita mama na kuniamkia kwa Kibemba, "Mwashibukeni, bamayo," akaniuliza dereva yuko wapi. Nikamwonyesha funguo. Amecheka, akarudi na hindi la kuchoma akanipa. Tulipopita pale Bibi Gwantwa anapouzia viazi nilipiga honi, naye akanipungia bila kujua ni nani.

Mama anakusalimu na anakuuliza kifua kwa mara ya pili. Lusajo anakusalimu, anataka picha ya injini ya ndege ikiwa imefunguliwa, si iliyofungwa. Nisalimie Mwalimu Gurdip, mwambie yupo mzee mmoja Vwawa anayemfahamu bila kumwona. Mwenyezi Mungu akuhifadhi kwenye baridi na kwenye upweke, aubariki mkono wako kwa kila unachokigusa, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Salamu za baba zitachelewa. Nilitaka aandike mstari mmoja hapa chini kwa mkono wake, lakini kabla hatujaimaliza Vwawa aliuachia mpini wa mlango, na sasa amelala kiti cha pembeni, mdomo wazi, kofia imemwangukia machoni. Foleni imesogea, nikawasha, nikaenda, nikasimama, na hakuamka. Naandika polepole ili karatasi isipige kelele.

Dada yako akupendaye, aliye usukanini,

Mwasiti