Wimbo Wangu kwa Jina la Mwalimu

Jumatatu, 3 Juni
Kompyuta imenitesa tangu asubuhi. Wateja wa fotokopi wakipungua tu, narudi kwa wimbo wangu wa sadaka. Nataka kwaya imalize kiitikio, irudi mwanzo wake mara moja, kisha iruke hadi koda, kile kipande cha kumalizia. Nikibonyeza icheze, inarudi mahali si pake. Wanaimba tena “mikono mitupu”, maneno ya mwisho ya shairi, ndipo waingie kiitikio, “Pokea, Baba”. Upuuzi mtupu.

Saa kumi nikaona kosa. Alama ya kurudia niliiweka kipimo cha nane badala ya cha tisa, kiitikio kinapoanzia. Nimeisogeza. Lazima, kwa sababu watu wetu hawasomi nota. Nawatumia sauti kwenye grupu, kila mtu anakariri sauti yake, na mashine ikikosea, wote wanakosea milele.

Ile yenye kosa, karatasi na sauti, aliipata Mwalimu Ouma pekee, Jumamosi. Ndiye anayeongoza kwaya yetu, alitaka kuisikia kwanza.

Alhamisi, 6 Juni
Mwalimu anasema wimbo bado mchanga. “Weka kando kwanza, nyathina.” Bado ananiita mtoto wake. Nililia kidogo nyuma ya mashine. Basi. Ndiye aliyenifundisha nota nikiwa na miaka kumi na mitano. Akisema mchanga, ni mchanga. Hata sikumtumia ile niliyorekebisha.

Jumapili, 9 Juni
Tamasha la kwaya, Maseno. Kwaya ya pale ikasimama, ile ambayo Mwalimu huenda kuifunza Jumamosi. Mtangazaji akasema wimbo mpya, mtunzi ni Mwalimu Ouma. Wakaanza. Wimbo wangu! Nikajiambia labda nimefananisha, nyimbo za sadaka zinafanana. Kiitikio kikaisha, wakarudi. “Mikono mitupu.” Watu arobaini, bila wasiwasi, wakaimba kosa langu.

Yawa! Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikakaa kama gunia.

Mwalimu, pale mbele yao, hakunitazama. Na kosa lenyewe hakulisikia. Aliyeutunga angelisikia.

Jumatatu, 10 Juni
Nilifunga duka nikaenda kwake. Mkewe akanikaribisha chai. Sikunywa.

Hakukana. Hilo ndilo limeniuma zaidi. Alisema wimbo wa msichana wa fotokopi wa mtaa wa Migosi hakuna kwaya ingeushika, kwa hivyo ameusaidia. “Lakini jina lako tutaliweka, nyathina. Pale chini. Umechapwa na Atieno.”

Umechapwa! Mimi niliyeutunga nikimuuguza mama, nikiuimba pole pole asiamke. Nilitaka kumrushia kile kikombe. Nikasema asante ya chai, nikatoka. Nachukia kwamba nilisema asante.

Usiku namchukia, asubuhi najichukia mimi.

Ijumaa, 14 Juni
Ujumbe kutoka kwa Mwalimu. Kwaya tatu zinaomba karatasi ya wimbo, na mtu mmoja anayejua nota amemuuliza mbona kiitikio kinarudi vibaya. “Nitumie faili nyingine, kuna mahali pamekosewa.” Hata salamu hakuna.

Haki nilicheka peke yangu dukani, mteja akaniangalia. Ana karatasi na sauti tu, na kompyuta haijui, hawezi kuchapa nyingine. Faili iko kwangu.

Nikamjibu: weka jina langu juu, mahali pa mtunzi, utangaze mbele ya kwaya, nitakutumia leo leo. Ameusoma saa nane. Sasa ni saa mbili usiku. Faili bado iko kwangu.

Miaka kumi na miwili nimemwita Mwalimu.

Jumapili, 16 Juni
Kanisani sikuketi na kwaya. Nilikaa viti vya nyuma, karibu na mlango, kando ya mama mmoja nisiyemjua, mwenye mtoto mgongoni.

Wakati wa sadaka Mwalimu akainua mikono. Wakauimba wimbo wangu, na kosa lake. Kwaya yangu mwenyewe. Wamejifunza lini, sijui. Hakuna aliyeniambia.

Yule mama alikuwa akiyumba taratibu, amefumba macho. Walipomaliza akanigeukia. “Wimbo mtamu huu. Ni nani aliutunga?”

Nikamwambia, “Ni mimi.”

Akacheka kidogo, vile unavyomchekea mtu anayekutania kanisani. Kisha akavuta miguu yake kando, nipite nikatoe sadaka.