Nani Kaposwa?

Jumanne, baada ya magharibi

Mama ameniudhi, na bado nacheka.

Mwezi wa nne sasa nachomwa sindano za majaribio ya dawa ya ugonjwa wetu wa misuli, huu uliomweka kaka kwenye kiti cha magurudumu. Ndivyo majaribio yalivyopangwa: hata daktari hajui kama napewa dawa au maji matupu.

Leo tulikaa mkekani tukichambua mchele. Nikainuka bila kushika magoti. Mama alishaninyooshea mkono kwa mazoea, ukabaki hewani. Akapiga vigelegele hadi majirani wa ghorofa nzima wakajaa mlangoni.

“Nani kaposwa?”

“Hajaposwa mtu! Mwanangu kasimama mwenyewe!”

Aibu gani hii! Naogopa kesho nisiweze. Ndiyo maana nilikaa tena chini, makusudi, mbele yao wote, nikainuka mara ya pili.