Nyayo za Ngamia Wanne

Garissa, 12 Machi 1966

Abti Kerrow, mjomba wangu,

Assalamu alaikum. Alhamisi saa tatu asubuhi nilimpoteza Naimo, binti wa Maka. Nilitoka na watoto kumi na tisa, nikarudi na kumi na wanane.

Mbuzi wako wawili wamezaa salama.

Unajua huwa nawapeleka wanafunzi wangu kando ya Tana kutazama ndege na kusoma nyayo, kama bibi alivyotufundisha. Askari wa doria walitukuta tumeinama. Mmoja akatucheka, “Mwalimu, mmeangusha shilingi?”

Naimo, mwenye miaka saba, akajibu kwa sauti kubwa kama nilivyomzoesha: “Ngamia wanne, afande! Wamebeba mizigo mizito. Wa mwisho anachechemea.”

Kicheko kikakatika. Kwao, mizigo mizito ni bunduki za waasi. Wakampakia kwenye lori awaonyeshe ngamia walikoelekea.

Wewe ndiye mkalimani wao, abti. Ulikuwa umekaa mbele kwenye lori hilo, na hukugeuza shingo.

Maka ameketi mlangoni pangu tangu juzi. Usiniandikie “inshallah”. Niandikie Naimo yuko wapi, na kama yu hai. Nataka jibu kabla ya adhuhuri ya Jumatatu.

Mtoto wa dada yako,
Sirad