Kinga ya Mzee Iringa

Jumamosi, 22 Novemba. Asubuhi mawingu mazito upande wa milima ya Matogoro. Usiku ilinyesha mvua ya kwanza, ya kulaza vumbi tu. Nilikinga ndoo mbili chini ya bati, na alfajiri nimeyamwaga maji yote, maana mvua ya kwanza inashuka na uchafu wa kiangazi kizima.

Nimeamka na hasira. Sasa naandika, bado ninayo.

Asubuhi nikichambua maharage, redioni walikuwa wanajadili kinga. Mmoja alieleza kwa nini mbunge akisema neno ndani ya bunge hashtakiwi kwa neno hilo. Mwingine akaleta mabalozi wa nchi za nje. Mimi kinga niliisoma sekondari, kwenye biolojia: chembe nyeupe za damu, mwili unamkumbuka adui uliyewahi kupigana naye. Nilisikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyetaja kinga ya mtani, na hapa mtaani kwetu Lizaboni sijaona kubwa kuliko hiyo.

Niandike kwa mpangilio, labda nitatulia.

Mwezi wa nane nilipita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha majirani chanjo ya kuku. Kichupa kimoja kinatosha kuku wa mstari wetu wote, lakini kikishafunguliwa hakikai. Kwa hiyo tunakubaliana siku, kila mtu anafungia kuku wake jioni, na alfajiri napita na kichupa. Tone moja jichoni, basi. Nimefanya hivyo miaka kadhaa na mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku banda zima, haujatusumbua.

Safari hii jioni ya kufungia kuku, Mzee Iringa alikuwa amekaa dukani. Jina lake halisi wengi hawalijui. Ni Mhehe wa kutoka Iringa, amestaafu, ameoa hapa. Mababu zetu walipigana na mababu zake, sisi wajukuu tukarithi utani.

Akaniona, akapaza sauti: "Wangoni! Mlitembea kwa miguu kutoka Afrika Kusini na mikuki mkononi, leo mnaogopa mafua ya kuku? Kuku wa kienyeji ana kinga ya jalalani. Mkimtia dawa machoni atawaona mlivyo, atahama!"

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka. Nikamjibu kwamba yeye hana haja ya kuku kwa kuwa mbwa wa mtaa huu wakipita kwake hawarudi. Wakacheka tena.

Bibi Sabina alikuwa pale ananunua chumvi. Akarudi nyumbani, akawafungulia kuku wake. Alfajiri nilipofika aliniambia, "Mwanangu, Mzee Iringa kasema hawahitaji. Yule amesoma, alikuwa na kazi ya serikali." Nilimbembeleza. Akasema wameshatawanyika, nitamkamata nani?

Mwezi wa tisa mdondo ukaja. Kuku wangu walisalimika. Wa Bibi Sabina walikufa wote, mpaka vifaranga. Kuku hao ndio walikuwa chumvi yake, sabuni yake na daftari la mjukuu anayemlea. Mumewe amekufa, shamba limechoka, na miguu haimfikishi tena kwenye vibarua. Tangu siku hiyo banda lake halina kitu, na yeye hatoki nje kuota jua.

Mzee Iringa hajapita pale hata siku moja.

Nilikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Alinisikiliza, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Mama Fredi, unataka nimwite mtani barazani? Mtani hashtakiwi. Watanicheka mimi." Mume wangu naye akasema, "Ule ulikuwa utani, kila mtu anajua." Kila mtu! Bibi Sabina si mtu?

Hapo ndipo ninapokwama. Utani naupenda. Tulipomzika baba, watani ndio walitufuta machozi na kututia kicheko, na mmoja alilala kaburini akidai alipwe ndipo atoke. Bila wao tusingeimaliza siku ile. Lakini kinga aliyopewa mtani ni ya maneno yake tu. Aliyeyasikia na kuyafuata hakupewa kinga yoyote.

Leo mchana nikaenda kwa Mzee Iringa. Nilikuwa nimejipanga: nimsalimie kwa heshima, nimwombe aende kwa Bibi Sabina, ampe pole na kumwambia kwamba aliyosema dukani hayakuwa ya kweli. Hilo tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo Mngoni ana adabu, kuna nini? Njaa?"

Nikamweleza. Akanisikiliza akitabasamu, kama mtu anayesubiri mwisho wa kichekesho.

"Sasa mimi ndiye niliyemtuma mdondo? Mwambie Bibi Sabina kuku wake walikufa kwa aibu, kufugwa na Wangoni."

Wageni wake wawili waliokuwa ukumbini wakaangua kicheko.

Sijui nini kilinipata. Uani kwake walikuwapo mitetea wawili waliopona mdondo, mmoja shingo imepinda, haitanyooka tena. Bwana mifugo alishatueleza kwamba kuku aliyeugua akapona amejijengea kinga yake. Mtani anaruhusiwa kuchukua kitu cha mtani mwenzake, nami ni mtani wake kama yeye alivyo wangu. Nikawakamata wote wawili, nikawabana kwapani.

"Mwizi!" akapiga kelele. "Wangoni wameanza vita tena! Leteni mikuki!" Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Akanisindikiza mpaka njiani akiniita majina, majirani wakatoka kutazama, nao wakacheka. Hakunizuia, mila haimruhusu. Nilitaka akasirike japo kidogo. Nilitaka kitu kimguse.

Bibi Sabina aliwapokea kwa mikono miwili. Akamgeuza yule wa shingo iliyopinda, akasema, "Huyu atakuwa anatazama mbinguni badala yangu." Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba wa kuku wake. Kisha akaniuliza:

"Na mwenyewe amesemaje?"

Nikamwambia, "Amekupa pole sana, Bibi. Ndiye aliyewatoa."

Uso wake ukafunguka. Akasema Mungu ambariki mzee wa watu, yeye alijua tu hakuwa na nia mbaya.

Tangu saa ile sina raha. Mjumbe anamkinga, mume wangu anamkinga, mtaa mzima unamkinga kwa kicheko. Nilitoka hapa nyumbani kwenda kulivunja tofali moja la ukuta huo wa kinga, nikarudi nimeongeza jingine kwa mdomo wangu mwenyewe. Sasa pole ambayo hakuitoa imeshapokewa, na baraka juu.

Kesho baada ya misa nitamfuata Mzee Iringa pale pale nje ya kanisa, anapomsubiri mkewe. Sitamtania. Nitamwambia nilichodanganya kwa niaba yake, na kwamba ama atakwenda kukifanya kiwe kweli, ama mimi nitarudi kwa Bibi Sabina na kumwambia ukweli. Akileta utani, nitakaa kimya mpaka utani umwishie.

Nitaweza kukaa kimya? Sijawahi.

Ni saa tano na nusu, nazima taa. Usingizi sijui utanichukua saa ngapi.