Tundu la Tano la Bibi Somoe

Kiswere, 6 Aprili 2025

Kwa mke mwenzangu Mwahija,

Umekufa? Kama umekufa ungesema, tukakusomea hitima tukala pilau. Hii Idi ya pili sahani yako inawekwa, inangoja, mwishowe kuku ndiye anayekula. Huko Rondo kuna nini? Nasikia mlima tu na mihogo. Mtu anayekaa pasipo na samaki mpaka akasahau njia ya kwao, huyo si mwalimu, huyo ni mateka.

Haya. Hujambo? Kifua hakikubani na hiyo baridi? Unakula? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila goti la kushoto limegoma na Bakari wa duka kaoa tena, ndoa ya nne, meno mawili.

Anayeandika ni Mwanaidi, jirani, fundi cherehani, unamkumbuka. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia akipunguza neno nitamtoboa kwa sindano yake mwenyewe. Anacheka. Mwanaidi, andika kwamba unacheka. Wala usiniambie habari za simu. Simu ikishakatika maneno yamekwenda na upepo. Barua nasomewa mara tatu, na ya nne nikitaka.

Sasa sikiliza. Jicho la kulia limeingia ukungu, na la kushoto linalifuata kama mbuzi na mwenzake. Matundu yangu ya pweza kule mwambani unayajua, ni matano. Nilipewa na mama yangu, naye alipewa na mama yake. Manne nilikuonyesha ulipokuwa na miaka kumi na moja, ukalia kwa sababu pweza alikushika kidole. La tano hujaliona. La tano lataka bamvua kubwa, siku ambazo maji hukauka mpaka mwamba wa nje unatoka mgongo, na lataka mtu mzima. Mama yako, Mungu amrehemu, alitutoka kabla sijamwonyesha. Nimebaki na wewe tu. Macho yangu yakifunga kabla hujaja, tundu litabaki na pweza wake na mimi nitaingia nalo kaburini. Sitaki. Njoo.

Hussen wa gari la samaki anakuletea pweza mkavu. Umloweke usiku kucha, na tui zito. Usinitie aibu mbele ya watu wa mlimani.

Mimi bibi yako,
Somoe binti Nurdin


Rondo, 27 Aprili 2025

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umekaa kibarazani na ukili wako, goti limenyooka. Mimi sijambo, kifua kizima, nakula. Nisamehe, Bibi. Bamvua hii siwezi kuja, shule imefunguliwa, lakini likizo ya Juni nitakuja, wallahi.

Pweza alifika. Mwalimu mwenzangu Romana, tunayekaa naye nyumba moja, alimkuta ananing'inia jikoni akanionea huruma. Alidhani ni mzizi, akaniuliza, "Mwalimu, hii dawa yako ya tumbo au ya mapenzi?" Nilipompika kwa nazi alikula sahani mbili, hakuuliza tena.

Unauliza huku kuna nini. Nina watoto themanini na saba darasa la tatu, madawati ishirini, na mmoja anaitwa Evaristo anayeamini namba saba ni ndugu yake. Jioni nachora majani kwenye daftari. Nimefika jani la mia na tisa. Lakini asubuhi, Bibi! Asubuhi ukungu unajaa bondeni kama maji yanavyojaa, polepole, bila kelele, mpaka vilele vya miti vinabaki juu kama miamba. Nasimama mlangoni na kikombe cha chai nasema, sasa yanapwa, sasa utaona. Na kweli, jua likipanda yanapwa. Mara moja nilivua kandambili nikitaka kushuka.

Sasa nikupe jipya langu. Nimegundua blogu. Mwalimu Kornelio wa hesabu ndiye aliyenifundisha. Ni kama daftari, ila limewekwa barazani, kila apitaye anasoma, hata aliye Muskati. Mtandao haushiki nyumbani, kwa hiyo napanda jiwe lililo nyuma ya kanisa na simu yangu. Mwanzo niliandika kuhusu majani, wakasoma watu sita, mmoja wao Kornelio. Kisha nikaandika juu yako. Bibi, wamesoma watu elfu mbili! Mwanamke mmoja wa Tanga ameandika kwamba amelia. Nimeinakili hapa Mwanaidi akusomee:

"Bibi yangu hamwiti pweza. Anainama, anakohoa kidogo kama mgeni mlangoni, kisha anapitisha kijiti mdomoni mwa tundu, taratibu, kama anayemwamsha mtoto. Pweza akikasirika anageuka: hudhurungi, kijivu, kisha wekundu unampitia mwili mzima kama aibu. Tundu la pili ndilo jumba. Unautafuta mkoko uliopinda kama mwanamke anayeosha miguu, unaupa mgongo, unaangalia mnazi uliokatika kichwa, unahesabu hatua arobaini. Hapo jiwe linafanana na kizingiti. Bibi husema, hodi."

Nimeandika kila kitu kama ulivyonionyesha. Sikusahau hata hatua moja.

Mjukuu wako akupendaye,
Mwahija


Rondo, 8 Juni 2025

Bibi yangu,

Shikamoo, na Idi Mubarak. Hujambo? Macho yanaendeleaje? Sijapata jibu lako, naona labda Hussen kaisahau barua chini ya barafu.

Bibi, nina aibu kuandika haya. Likizo hii nimealikwa Mtwara, semina ya watu wa blogu, siku nne. Wanataka nisome mbele ya watu ile habari yako. Nikitoka huko mitihani ya majaribio inanisubiri. Nitakuja Septemba, kuna likizo fupi. Pweza wetu hahami, au siyo?

Niandikie hata neno moja.

Mjukuu wako,
Mwahija


Kiswere, 29 Juni 2025

Mwahija,

Hujambo. Mimi sijambo. Salamu zimekwisha.

Bamvua iliyopita walikuja wanaume wanne kwa pikipiki mbili, si wa hapa. Mmoja kashika simu juu, anasoma kama khatibu: mkoko uliopinda kama mwanamke anayeosha miguu. Mwanaidi alikuwa karibu anaokota kombe, akasikia, akadhani kapandwa na jini. Wakaupa mgongo mkoko. Wakaangalia mnazi. Wakahesabu arobaini kwa sauti. Walikuwa na nondo, Mwahija. Si kijiti, nondo. Wamechokoa mpaka kizingiti kimepasuka. Wametoa wawili, na mmoja alikuwa jike amelalia mayai, ambaye sisi hata njaa ikituuma tunamwomba radhi tunapita. Mayai yalibaki yananing'inia kwenye jiwe kama vishanga vya mchele, hayana mtu.

Nilipelekwa kesho yake. Sikuona vizuri, nikashika kwa vidole. Palipokuwa na mlango pana kidonda.

Mwanaidi alitaka kuandika kwamba nililia. Sikulia. Maji ya chumvi ni mengi kule.

Wanawake wenzangu wananiuliza, Somoe, tundu la mamako umelinadi? Niwajibu nini? Niseme mjukuu wangu kasoma sana?

Tundu halisemwi. Tundu huonyeshwa kwa mguu. Ungekuja, ungejua. Wewe ulikwenda Mtwara kuwasomea watu mlango wangu.

Septemba usije. La tano nitakaa nalo mwenyewe.

Somoe


Rondo, 13 Julai 2025

Bibi yangu,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Siku nilipopata barua yako nilipanda jiwe nikaifuta ile habari. Ukungu ulikuwa bado haujapwa. Nikabonyeza, simu ikaniuliza, una hakika? Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, kwa maana hilo lilikuwa swali la kuulizwa mwanzo. Lakini najua kufuta huku hakuwafuti waliokwisha kusoma.

Nilidhani naandika juu yako. Kumbe nilikuwa nachora njia. Darasani nawafundisha watoto kwamba mtu akieleza mahali lazima msomaji aweze kufika. Nilieleza vizuri, Bibi, nikajipa alama zote, na wakafika.

Sijaandika tena. Romana ananiuliza mbona sipandi jiweni, namwambia magoti.

La tano sikuombi. Hilo ni lako, ukitaka uzikwe nalo. Ninachoomba ni mlango tu. Nije nikuchotee maji, nikupeleke Lindi kwa daktari wa macho, nirudi zangu. Ukiniambia nikae nje kibarazani, nitakaa nje.

Nisamehe.

Mjukuu wako, kama bado,
Mwahija


Kiswere, 31 Agosti 2025

Kwa mke mwenzangu Mwahija,

"Kama bado"! Nani kakufundisha ujinga huo, serikali? Ujukuu ni kanga, uivue uikunje? Nilikupokea mimi ukizaliwa, kwa mikono hii, ulitoka umenuna hivyo hivyo.

Hujambo lakini? Kifua? Mimi goti limenyooka, ila macho sasa yote mawili ni ukungu. Sioni watu, naona vivuli vinakuja vinasema shikamoo, naitikia marahaba, kisha nauliza wewe nani. Bakari wa duka nilimwitikia kwa upole mara mbili kabla sijamjua. Nimejuta.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yangu haijui kuandikisha. Lakini ile karatasi yako ya pweza sikuichana. Kila adhuhuri Mwanaidi akipumzisha cherehani namwambia, nisomee. Anasoma. Mimi nakaa na macho yangu ya maziwa, na pweza anageuka mbele yangu: hudhurungi, kijivu, wekundu kama aibu. Namwona, Mwahija. Mwezi mzima huu kitu pekee nilichokiona sawasawa ni hicho. Halafu mama yangu anakuja, kajifunga kaniki, anakohoa mlangoni kwa tundu. Hujawahi kumwona mama yangu, hata hivyo uliandika kikohozi chake. Jana nikalala hapo hapo kwenye mkeka, nikaota bahari imepanda Rondo, na wewe unashuka bondeni pekupeku na daftari kichwani, unatafuta mwamba.

Nikaamka nikawaza. Tundu halisemwi, lakini nani alikuambia? Mimi sikukuambia. Mimi sikuambiwa. Tulishikwa mkono tukapelekwa, basi. Hakukuwa na haja ya kukataza, maana hatukuwa na mdomo unaofika Muskati. Kosa lako nusu, langu nusu, na nusu yako ni kubwa. Nimewaambia hivyo wenzangu. Wamenuna, kisha wakaja wote na ndoo, tukayarudisha mawe pale tundu la pili, mlango ukaangalia machweo kama zamani. Pweza hajarudi. Labda atarudi, labda hatarudi. Hapo sikudanganyi.

Hiyo baraza yako ya simu usiifunge. Andika. Lile la rangi liandike tena, na kikohozi, na hodi. Mkoko utoe. Mnazi utoe. Hatua zitoe. Msomaji alie, asifike.

Na Lindi kwa daktari nitakwenda, acha kunisumbua. Ila nitakwenda baada ya kukuonyesha la tano, si kabla. La tano halina mkoko wala mnazi. Mama alinipeleka kanifunga kitambaa usoni, kwa sababu njia yake ni ya nyayo: mchanga, kisha majani yanayoteleza, kisha mahali ambapo maji yanabadilika kifundoni, na... Sisemi zaidi. Mwanaidi anaandika, na Mwanaidi naye ana miguu. Amenuna sasa. Andika umenuna.

Basi macho haya ndiyo yanafaa. Miaka yote nilikuwa nangoja ukue, kumbe na mimi nilikuwa nangojwa nipofuke.

Bamvua ya mwezi mchanga wa Septemba. Shuka siku moja kabla. Uje na Romana akipenda, abaki na Mwanaidi ajifunze kukuna nazi. Simu uiache kwenye sahani yako ya Idi, ifunike. Alfajiri usinisemeshe. Nishike mkono wa kushoto, wa kulia utakuwa na kijiti. Tukifika majini vua viatu, fumba macho, na usifumbue mpaka nikohoe.

Bibi yako,
Somoe binti Nurdin