Sifuri Kumi na Mbili

2 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Unakula? Usiniambie chai ni chakula. Mimi huku mzima wa chuma. Mgongo mlionipasua umenyooka mpaka fundi cherehani jirani yangu ananiuliza kama nimemeza fimbo. Nikamjibu, "Zaa daktari na wewe, utanyooka." Najua, najua, wewe ni karani, unaandika waliopata madhara baada ya kupasuliwa uti wa mgongo. Kwangu mimi aliyevaa koti jeupe ni daktari, basi.

Fomu yako ya siku ya thelathini, ingawa nimechelewa, nimeijaza kwa mkono wangu mwenyewe. Maswali kumi na mawili, sifuri kumi na mbili. Maumivu, sifuri. Ganzi, sifuri. Mwonyeshe mkuu wako aone mama wa mtu.

Mama yako

5 Machi

Shikamoo mama,

Habari za hapo? Mimi sijambo, ila sijalala vizuri. Fomu yako nimeisoma mara nne. Wagonjwa mia mbili na kumi wamepita kwenye meza yangu, na hakuna hata mmoja aliyeandika sifuri kila mahali. Anayepona vizuri huandika mbili, tatu, halafu analalamikia godoro.

Simu nakupigia hupokei. Mama, nijibu swali la kumi na moja bila aibu: ukijipangusa chooni, unausikia mkono wako? Mkojo unatoka ukiuita? Ni mimi tu ninayesoma. Nakuomba.

Binti yako

6 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Simu naiona ikilia. Nikiisikia sauti yako siwezi kudanganya, ndiyo maana siipokei.

Haya. Maumivu yalikuwapo hata nilipoandika sifuri, na tangu juzi huko chini sisikii kitu. Nakaa kwenye kiti kama nimekalia makalio ya mtu mwingine. Mkojo nauita hauji, kisha unakuja wenyewe nikiwa nimesimama na watu. Mguu wa kushoto unaburura kandambili. Mtu hamwandikii mwanawe mambo haya, lakini umeuliza.

Usiniandike humo kwenye hesabu zako. Mwezi uliopita uliniambia mkuu kafurahi, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyerudi. Nikajisemea, huyo wa kwanza kurudi asiwe mama wa karani. Watakucheka. Huenda itaondoka yenyewe.

Mama

7 Machi

Mama,

Sina salamu leo. Dereva aliyekuletea karatasi hii hataondoka bila wewe. Usioge, usipike, usimuage mtu. Ningekuja mwenyewe, lakini nimebaki kukushikia nafasi kwenye kipimo cha picha, nikitoka wataingiza mwingine. Kuna kitu kinaminya mishipa ya fahamu huko chini, na kila saa inayopita inakula kitu ambacho huenda kisirudi.

Hesabu yangu haina kazi nyingine, mama. Iko ili nikuone wewe mapema. Panda gari.

Mimi

9 Machi, wodini, kitanda cha dirishani

Mwanangu,

Umeshindaje? Umetoka hapa sasa hivi, lakini kuna mambo siwezi kukuambia uso kwa uso.

Wamenitoa mgongoni usaha wa kujaza kikombe. Mguu nimeutikisa, muuguzi akashangilia, nikamwambia mama wa mtu haburuzwi. Nilikuwa najikaza tu.

Jana mlidhani nimelala. Nilimsikia mkuu wako, yule daktari mkubwa, pale mlangoni: "Hii imetokea siku ya thelathini na nane. Fomu yetu inaishia thelathini. Huyu hahesabiki." Na wewe ukanyamaza. Nilikujua ulivyonyamaza, ni kama mimi na simu. Mimi nilinyamaza kwa ajili yako, ukaona nilivyopelekwa mbio. Wewe ukinyamaza kwa ajili ya mkuu wako, mgonjwa wa siku ya thelathini na tisa, aliye kwake sasa hivi anajikaza na fomu yake, nani atamtumia gari?

Niandike. Mkojo, ganzi, makalio, yote, na siku yake. Kama hakuna nafasi ya kuandika, chora. Akikufokea mwambie mgonjwa mwenyewe amekataa kufutwa.

Kesho alfajiri wanaondoa mpira wa mkojo. Nikiweza mwenyewe, vizuri. Nisipoweza, wanasema huenda nitaishi nao. Nimewaambia wenzangu wodini kwamba sina wasiwasi, binti yangu ni daktari.

Njoo kabla hawajaja. Kaa kwenye hicho kiti, usiseme kitu. Naogopa.

Mama yako